Hesabu Ina Kazi, Haina Uchawi

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja mlangoni pa sakristia, simu mkononi na mtoto mgongoni. Alituonyesha sala aliyoletewa na jirani yake. Sala yenyewe haikuwa na kosa; kosa lilikuwa mwishoni. Aliyeipokea aliagizwa kuipeleka kwa watu saba katika muda wa siku saba. Akitii, neema saba zitaingia nyumbani mwake. Akipuuza, utaingia msiba. Mama huyo aliipeleka kwa watu watatu, vocha ikamwishia. Siku ya sita mtoto wake akashikwa na homa. Na hapa, wasomaji wapenzi, ndipo tulipohuzunika: kabla ya kumpeleka mtoto zahanati, alizunguka kijiji kutwa nzima akitafuta mtu wa kumkopesha fedha ya vocha, apate kuwatimiza wanne waliobaki. Mtoto alionekana ana malaria, akatibiwa, akapona. Lakini mama alikuwa bado na swali: "Baba, kosa langu ni lipi, kuchelewa zahanati au kuipunguza ile saba?"

Swali hilo halistahili kuchekwa. Wengi wetu tunalo moyoni, ila hatuthubutu kulitamka mbele ya padre. Kwa nini wanadamu huzipa namba nyingine heshima, na nyingine huziogopa? Tena, yampasa Mkristo kuzijali?

Kwanza yafaa tujue ya kuwa jambo hili si la Waafrika peke yao, wala si la watu wasiosoma. Huko Ulaya wengi huikwepa 13, hata ziko hoteli zisizokuwa na chumba chenye namba hiyo. Waitalia lakini huiogopa zaidi 17. Sababu yao ni hii: ukiiandika kwa tarakimu za Kirumi, XVII, kisha ukazipanga upya herufi zake, wapata VIXI, neno la Kilatini lenye maana ya "nimeishi", yaani maisha yangu yamekwisha. Wachina nao huikimbia 4, kwa kuwa katika lugha yao hutamkwa karibu sawa na neno la kifo. Na huipenda 8, kwa kuwa husikika kama neno la kustawi. Basi, kama nne ingekuwa na sumu ndani yake, ingemtisha Mnyamwezi kama inavyomtisha Mchina. Lakini mama wa Uyui hununua mafungu manne ya viazi bila kutetemeka, na Kanisa lina Injili nne. Hofu ile imetoka katika lugha na masikio ya watu, haikutoka katika namba.

Hata saba yetu ina historia yake. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, pamoja na sita na tisa. Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na mtandatu, mfungate na kenda. Mfungate imesahauliwa dukani, bali imesalia arusini: mpaka leo siku zile za bwana na bibi arusi, ambazo hapo kale zilikuwa saba, twaziita fungate. Kenda nayo imesalia katika jina la ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya, watu wa miji tisa. Na huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, mpungati, ndugu yake mfungate, ingali hai vinywani mwa watu. Mfanya biashara alilibadili neno upesi, bali wenye arusi walilishika la zamani. Twajifunza hapa ya kuwa namba ikishafungamana na jambo kubwa la maisha, haiwi tena ya kuhesabia tu. Huwa chombo cha kukumbukia.

Mwanzo wa mambo haya ni wa kawaida kabisa. Twahesabu kwa makumi kwa kuwa tuna vidole kumi. Mwezi wa mbinguni huonekana ukikua na kupungua katika siku 29 au 30, na robo yake ni siku saba na kitu. Watu wa Babeli ya kale waliona kwa macho yao mianga saba iendayo angani: jua, mwezi na sayari tano. Namba nyingine zilipata heshima kwa sababu zilitosha kutia mpaka. Twasema siku za mwizi ni arobaini, wala hakuna askari aliyekaa na kalamu akiingoja siku ya arobaini ndipo akamkamate. Maana yake ni kwamba uovu una kikomo. Vivyo hivyo arobaini ya mzazi na arobaini ya matanga: kusudi lake ni kumpa mama muda wa kupata nguvu, na mfiwa muda wa kulia, kisha kumwambia kwa upole kwamba sasa ni wakati wa kurudi shambani. Namba hapo humtumikia mtu.

Ikiwa hivyo ndivyo, hofu imeingia kwa mlango gani? Twendeni katika njia ya zamani ya misafara, maana Tabora ilikuwa kitovu cha njia hiyo.

Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ni mwendo wa kilomita kama 800. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Mizigo yote ya njia hiyo ilipita mabegani mwa watu. Mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Safari nzima iliendeshwa kwa hesabu: shuka mbili ni doti moja, khete kumi za ushanga ni fundo moja, kwa kila mtawala hongo ya doti kadhaa, kwa kila mtu posho ya siku kadhaa. Pagazi aliyepunjwa khete moja alilala na njaa. Hapo namba ilikuwa haki yenyewe.

Lakini pagazi huyo hakuweza kuihesabu mvua ya Ugogo, wala ndui, wala vita vilivyokuwa mbele yake. Hakujua ni wangapi kati ya wenzake wangeiona tena miembe ya Unyanyembe. Ndiyo maana wenye misafara waliwauliza waganga na wanafalaki siku njema ya kuondoka, wakaziepa siku za nuhusi. Twaona jinsi moyo ulivyofanya kazi. Mtu ana vitu vichache awezavyo kuvihesabu, na vitu vingi vinavyomtisha asivyoweza kuvihesabu. Basi huichukua hesabu iliyomsaidia katika nguo na ushanga, akaipeleka kwenye kifo na uzima, akitumaini kwamba navyo vitatii. Hatumlaumu pagazi. Alitafuta mahali pa kushika. Mama wa mlangoni pa sakristia naye alifanya vile vile: homa ya mtoto hakuweza kuishika, bali watu wanne waliobaki aliweza kuwahesabu.

Mlango wa pili wa hofu ni jicho letu wenyewe, ambalo huona linachokitafuta. Tufanye jaribio. Tuseme saba ni namba ya Tabora. Ushahidi wapatikana mara moja! Burton alifika tarehe 7 Novemba 1857. Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Wamisionari wa kwanza wa shirika la White Fathers walipita hapa mwaka 1878. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, alikiongoza chama cha TANU kilichozaliwa siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai 1954. Msikilizaji ashangaa, asema, "Kumbe!" Lakini reli ilifika Tabora mwaka 1912, jeshi la Wabelgiji liliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916, Tabora ilifanywa Jimbo Kuu mwaka 1953. Hapo saba iko wapi? Tuliziacha tarehe hizo kwa sababu hazikutufaa. Tena miaka ya 1870 hadi 1879 yote ina saba ndani yake, hata ile ambayo halikutukia neno lolote. Ndivyo wanavyofanya wauza bahati: hukuhesabia mara walizopatia, na mara walizokosea huzizika usiku.

Tena twaomba mkumbuke ya kuwa namba hutegemea mahali ulipoanzia kuhesabu. Waswahili walianza juma lao baada ya Ijumaa, kwa hiyo siku ya Bwana ikawa Jumapili, siku ya pili. Injili huiita siku ya kwanza ya juma. Mreno naye hana jina la "siku ya pili" mpaka Jumatatu. Saa saba yetu ya mchana, Mwingereza huiita saa moja. Je, malaika wa bahati afuate saa ya nani?

Wako watakaosema: Hata kama ni uongo, una dhara gani? Una dhara kubwa. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliandika kwamba kati ya Wanyamwezi, wakizaliwa mapacha, mmoja aliuawa, na mama alilaza kibuyu kilichofungwa ngozi badala yake. Burton alikuwa mgeni wa kupita, na hatulazimiki kusadiki kila alichosimuliwa. Lakini twajua hakika ya kuwa katika nchi nyingi, za Afrika na za kwingineko, kuzaliwa wawili mahali pa mmoja kulihesabiwa kuwa hatari, na watoto waliteseka kwa sababu ya hesabu hiyo. Walikuwa na kosa gani? Walikuja wawili tu.

Tena tazameni mahali watu wetu walipofikia. Leo kutoka Tabora hadi Dar es Salaam twawaita watoto hao Kulwa na Doto, na anayezaliwa nyuma yao twamwita Shija. Majina haya yametoka huku kwetu, Unyamwezini na Usukumani, yakaenea Tanzania nzima. Mtu akiitwa Doto, hakuna anayekimbia, watu huuliza, "Kulwa yuko wapi?" Wingi ule uliotisha umegeuka jina, na jina ni la mtu wa kupendwa. Twadhani hii ndiyo njia njema ya kuipa namba maana: imwelekeze mtu kwa mwenzake, isimwondoe.

Sasa yafaa tujichunguze sisi wenyewe, kwa maana mpinzani anaweza kutuambia: "Ninyi Wakatoliki mna sakramenti saba, mitume kumi na wawili, Kwaresima ya siku arobaini, na novena ya siku tisa. Mnatofautianaje na mganga?" Twajibu hivi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba sakramenti ni saba; lakini sakramenti zina nguvu kwa sababu ya Kristo aliyeziweka, si kwa sababu ya saba. Novena hutukumbusha siku tisa ambazo mitume walikaa pamoja na Mama Maria wakisali, kutoka Kupaa kwa Bwana hadi Pentekoste. Mtu akiugua siku ya tano akakosa kusali, Mungu hamfungii mlango kwa sababu amepata nane. Mtakatifu Augustino aliwatafakari wale samaki 153 wa Injili ya Yohane, akaona ya kuwa ukijumlisha namba zote kutoka 1 hadi 17 wapata 153, na 17 ni amri kumi pamoja na vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Ni tafakari nzuri. Lakini hakuwaagiza wavuvi watupe nyavu mara 17. Kwake namba ilikuwa kama kidole kinachoonyesha, naye alikitazama kile kilichoonyeshwa.

Hata ile 666 ya kitabu cha Ufunuo, ambayo wengine wakiiona katika namba ya simu au ya gari hupiga ishara ya msalaba, wataalamu wengi huisoma kuwa jina la mtu lililofichwa katika hesabu ya herufi za Kiebrania, yaani Kaisari Nero, mtesaji wa Wakristo. Ilikuwa onyo juu ya utawala uliotaka kuabudiwa. Mwenye kuihofu namba ya gari, huku akimwinamia mkubwa dhalimu kazini, ameisoma vibaya aya hiyo.

Twasema basi: sala ikiwa na sharti la idadi, na ahadi ya mali, na tisho la msiba kwa asiyeisambaza, hiyo si sala tena, hata ikiwa na picha ya Moyo Mtakatifu juu yake. Inamfanya Mungu kuwa mtoza hongo wa njiani, aliyekaa na kuhesabu doti kabla ya kumruhusu mtu kupita. Ukiipokea, ifute bila hofu. Tena usimpelekee hata mtu mmoja, kwa maana hujui ni mama gani ataipokea huku mtoto wake akiwa na homa.

Liko na jambo jingine linaloziumiza nyumba zetu. Vijana wengi, na siku hizi hata akina baba, hutandika kila siku kile wanachokiita mkeka, wakitumia namba za bahati: tarehe ya kuzaliwa, namba iliyoonekana ndotoni, namba ya basi lililopita. Hebu wafanye hesabu ya kweli, kama alivyoifanya pagazi kwa khete zake. Katika bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49, iko michanganyo 13,983,816. Tarehe ya kuzaliwa mwanao haina nafasi kubwa kuliko 1, 2, 3, 4, 5, 6. Namba iliyotoka jana haikumbuki kwamba ilitoka. Na mwenye mchezo amekwisha kupanga faida yake kabla hujatoa shilingi. Namba ambazo baba angepaswa kuziogopa ni chache na ziko wazi: idadi ya madaftari aliyokosa mtoto, na idadi ya siku ambazo mama amekopa unga.

Tabora ina mfano bora wa jinsi watu wazima wanavyoijadili namba. Mwezi wa Januari 1958, TANU ilifanya mkutano hapa juu ya kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni mtego, wakataka chama kisusie uchaguzi. Mwalimu Nyerere aliwasihi washiriki, wapate kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria na kuiondoa dhuluma ile. Maoni yake yakakubaliwa, na historia imeuita uamuzi wa busara. Wajumbe waligombania ile tatu kama jambo la haki: yatutendea nini, na tutaitumiaje? Hayo ndiyo maswali yaipasayo kila namba inayokuja mbele yetu, iwe kura, bei ya tumbaku, mshahara, au uzito wa mizani.

Tumewataja wale wamisionari wa mwaka 1878. Walikuwa kumi walipoondoka Ulaya. Padre Pascal alifia njiani, kabla msafara haujafika Tabora. Wenzake hawakusema kwamba tisa ni namba mbaya, warudi pwani. Walimzika, wakaendelea, wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine ya Ziwa Viktoria. Yule mmoja aliyepungua alikuwa ndugu mwenye jina, nao walimlilia kwa jina lake.

Petro naye alimwendea Bwana na namba mkononi. Aliuliza kama yatosha kumsamehe ndugu mara saba, na bila shaka alijiona mkarimu. Bwana akamjibu kwa namba kubwa, sabini mara saba, ambayo hakuna mtu mwenye hasira awezaye kuitunza daftarini. Alimrudishia Petro saba yake ikiwa imekuzwa hata imwanguke mikononi, ili aache kuhesabu na kumtazama ndugu yake.

Mama yule tulimjibu hivi: "Kosa la saba halipo. La zahanati lipo, nalo limesamehewa. Ila siku nyingine, mtoto akichemka, hesabu hatua za kwenda kwa mganga mkuu wa zahanati, usihesabu watu." Aliifuta sala ile papo hapo mbele yetu. Kisha akatuuliza kama yampasa kuwaeleza wale watatu aliokwisha kuwapelekea. Tulimwambia yampasa, na kwamba afanye leo. Twawaomba nanyi, wasomaji wetu, mfanye vivyo hivyo kwa wote mliowatisha.